Funguo mbili

Hotuba kwa wafanyakazi wa stendi, gesti, soko na vyoo vya kulipia, Dar es Salaam, Agosti 31. Nimeiandika karibu kama nilivyoisema. Nimepunguza utani, na ile sehemu spika ilipokata.

Mheshimiwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa, viongozi wa stendi, wazee wangu, mama zangu, kaka na dada zangu. Assalam alaikum. Tumsifu Yesu Kristo. Bwana asifiwe. Na ambao sijawagusa, habari za asubuhi.

Nimepewa nusu saa, halafu kuna chai. Chai ikichelewa mtanilaumu mimi, mwenyekiti hamtamgusa, kwa hiyo naanza.

Mimi ni muuguzi. Nimekaa wodini, nimekaa mapokezi ya dharura, na miaka hii ya karibuni niko kwenye kliniki ya methadoni, ile ambayo vijana wetu wanakuja asubuhi kunywa dawa hiyo ya kuwasaidia kuacha unga wa kulevya, kwenye kikombe mbele yetu. Nilipoombwa kuzungumza leo niliulizwa niitiwe nani. Nikasema sitaki madaktari, wanayajua haya. Niitieni watu wanaoshika funguo. Mama anayekusanya mia mbili mlangoni mwa choo. Mhudumu wa gesti anayegonga saa nne asubuhi kuuliza kama mteja anaongeza siku. Mlinzi wa usiku pale sokoni. Konda anayefika mwisho wa ruti, akageuka, akaona siti ya nyuma kuna mtu hajashuka. Mtu akizidiwa na unga, sisi hospitali tunaletewa. Ninyi ndio mnaomkuta.

Niwasimulie siku moja. Nilikuwa natoka msibani, nikashuka kwenye stendi fulani, nikaenda kujisaidia. Pale mlangoni nikakuta watu kama kumi wamesimama, na mama wa choo katikati yao ameshika ufunguo. Ufunguo wenyewe umefungwa kwenye mpini wa mwiko uliovunjika, usipotee. Nikauliza kuna nini. "Kuna kijana ameingia muda mrefu, hatoki." Muda gani? Hakuna aliyejua vizuri. Mmoja akasema dakika kumi, mwingine akasema tangu basi la Tanga lilipotoka. Mpiga debe mmoja akacheka: "Huyo teja, kalala na stimu zake, muacheni ataamka." Na kweli ukitega sikio ulimsikia anakoroma.

Nikamwambia mama, ufunguo si unao, fungua. Akanitazama kama nimemtukana. "Mwanangu, nikifungua nikakuta amekufa, nitaulizwa mimi. Nikikuta mzima, atasema nimemwibia simu. Nimemtuma mtu kwa mwenyekiti." Hayo maneno msiyacheke. Yule mama alikuwa anasema kweli kuhusu nchi anayoishi.

Mwisho tukafungua. Mlango ule unafunguka kwa ndani, na kijana alikuwa amekaa chini, miguu imeusukuma. Konda mmoja mwembamba ndiye aliyepenya. Tulipomtoa, kidevu kimeshuka kifuani, midomo rangi ya majivu, kucha vilevile. Nikafunua jicho: mboni imekuwa ndogo kama punje ya ulezi. Hapo hapo mtu akammwagia ndoo ya maji. Mwingine, na huyu alikuwa na huruma kuliko wote, akakimbia dukani akarudi na pakiti ya maziwa, anataka kumfumbua mdomo amnyweshe. Nikamzuia kwa kiwiko.

Nikamlaza chali, nikainua kidevu, kichwa kikarudi nyuma. Kukoroma kukaisha. Nataka mlishike hilo, nitalirudia. Nikaanza kumpulizia pumzi. Tukampakia kwenye bajaji, mimi nimepiga magoti kwenye sakafu ya bajaji na gauni la msibani, nahesabu moja mpaka tano, napuliza, moja mpaka tano, napuliza. Mapigo ya moyo nilikuwa nayaona shingoni mpaka tunafika.

Tukafika, siitaji mahali. Naloksoni, dawa ya kumwamsha aliyezidiwa na unga, ilikuwepo. Ilikuwa kabatini, kabati limefungwa, na mwenye ufunguo alikuwa ametoka kwenda kula. Wenzangu walimtafuta kwa simu, na walikuwa wanajitahidi, siwasemi vibaya. Ulipokuja ufunguo, moyo wa yule kijana ulikuwa umeshasimama, na ule moyo haukurudi.

Kwa hiyo siku ile nilikutana na funguo mbili. Mmoja ulikuwa mkononi mwa mtu aliyekuwapo, lakini mkono ule ulikuwa na hofu. Wa pili ulikuwa wa mtu asiye na hofu yoyote, lakini hakuwapo. Nimekaa na funguo hizo kichwani kwa miaka. Leo nazungumzia wa kwanza zaidi, kwa sababu ndio mlionao. Huo wa pili nitausema mbele ya wakubwa waliokaa hapa meza kuu, nao wameshanisikia.

Sasa tuingie kwenye jambo lenyewe. Unga, yaani heroini, ni wa ukoo wa afyuni. Ukoo huo una ndugu wengi: mofini tunayochoma wagonjwa wa saratani, kodeini, tramado mnazoziona zikiuzwa kiholela, methadoni, na huko ng'ambo fentanili. Wote wana tabia moja. Zile sehemu za ubongo zinazopokea maumivu zikiguswa na afyuni, maumivu yanatulia. Lakini afyuni inagusa pia sehemu inayoukumbusha mwili kupumua. Mimi na wewe hatujikumbushi kuvuta pumzi, ubongo unafanya kazi hiyo hata tukiwa usingizini. Dozi ikizidi, mkumbushaji analala. Pumzi inakuwa moja baada ya sekunde kumi, halafu baada ya ishirini, halafu basi. Moyo bado unapiga, unapiga damu isiyo na hewa. Ubongo usipopata hewa dakika nne au tano unaanza kuharibika.

Lakini kuna habari njema humo humo, nayo watu wengi hawaijui. Mara nyingi mtu hafi sindano ikiwa bado mkononi. Wengi wanakwenda taratibu, saa nzima, wengine hata saa mbili tatu, wamelala kwenye kona, watu wanapita wanawaruka. Huo ndio muda wenu.

Na dalili yenyewe inadanganya, kwa sababu inafanana na usingizi mtamu. Ile ya kukoroma niliyowaambia mshike: ule si usingizi. Ulimi na koo vimelegea, vinaziba njia, hewa inapita kwa kulazimisha. Mara ngapi familia imeniambia, "Dada, usiku tulimsikia anakoroma, tukasema afadhali leo amelala"? Asubuhi wakamkuta wa baridi. Kwa hiyo mteja wako wa gesti, abiria wako, mwenzako wa zamu, akikoroma kwa mkoromo wa kugugumia, kama maji yanayochemka kwenye sufuria yenye kifuniko, mwamshe. Mwite kwa sauti. Haitiki? Kunja ngumi, msugue kifuani katikati kwa vifundo vya vidole, msugue kweli kweli. Aliyelewa pombe tu atakutukana, na akikutukana shukuru. Asiyejibu kabisa, tazama midomo, ufizi na kucha. Sisi weusi usisubiri kuona rangi ya bluu usoni, huioni. Tafuta rangi ya majivu kwenye midomo na viganja. Halafu tazama tumbo na kifua, hesabu. Pumzi chini ya moja kwa kila sekunde tano, huyo anakufa.

Maji ya ndoo hayamrudishii mtu pumzi. Maziwa ndiyo mabaya zaidi. Nafahamu tumelelewa hivyo, mtu akinywa sumu apewe maziwa. Lakini huyu hajanywa sumu, na aliyezimika hamezi. Ukimmiminia, yanaingia kwenye mapafu, na hapo umemaliza kile kidogo kilichokuwa kimebaki. Makofi, limau, chumvi chini ya ulimi, kumsimamisha na kumtembeza wawili wamemshika mabegani: yote hayo yanakula dakika.

Kinachorudisha pumzi ni pumzi. Unainua kidevu, unabana pua, unapuliza mpaka kifua kinyanyuke, kila sekunde tano mara moja. Anayeogopa mdomo kwa mdomo, na ninamwelewa, kipo kitambaa chenye vali ambacho nitawaonyesha. Akianza kupumua mwenyewe mgeuze ubavu, goti la juu likunjwe mbele, mkono chini ya shavu, ili akitapika asijisonge. Na usimwache peke yake.

Halafu ndiyo inakuja naloksoni. Hii hapa. Kichupa kidogo hivi, hakizidi kidole changu. Dawa hii iligunduliwa mwaka 1961, Marekani wakaipitisha mwaka 1971, na Shirika la Afya Duniani wameiweka kwenye orodha ya dawa muhimu tangu 1983. Wengi mliopo hapa ni wadogo kwake. Kazi yake ni moja: inakwenda pale afyuni ilipokaa kwenye ubongo, inaisukuma, inakalia kiti. Ndani ya dakika mbili tatu, mtu aliyekuwa rangi ya majivu anavuta pumzi ndefu na kufumbua macho. Inachomwa kwenye msuli wa paja, hata juu ya suruali, au ipo ya kupuliza puani ambayo mtoto wa darasa la saba anaweza kuitumia. Hailevyi, na aliyeipata hana sababu ya kuitamani tena. Ukimpa mtu ambaye kumbe hakutumia unga, kumbe ni sukari imeshuka au kifafa, haimdhuru. Haitamsaidia tu.

Ina mambo mawili ya kuangalia. La kwanza, inamwamsha mtu na arosto, yale mateso ya kukosa unga. Anaamka anatetemeka, anatapika, pengine ana hasira, maana alikuwa mahali pazuri na wewe umemtoa. Usitegemee asante. La pili ni kubwa zaidi: naloksoni inaisha mwilini nusu saa mpaka saa moja na nusu, na unga au methadoni inaweza kuwa bado ipo. Anaweza kuzimika tena akiwa ameshakwambia "niko poa" na ameshavuka barabara. Mpelekeni hospitali, au angalau mtu akae naye. Na kama amechanganya na valiamu au pombe, na wengi wanachanganya, naloksoni inaondoa sehemu ya afyuni peke yake. Ndiyo maana nimeanza na pumzi, dawa nikaiweka nyuma.

Nirudi kidogo nyumbani. Unga haukuanza jana hapa. Pwani yetu iko kwenye njia ya majahazi yanayoshuka kutoka pwani ya Makran, Irani na Pakistani. Desemba 2023 Mamlaka ya kudhibiti dawa za kulevya ilitangaza kukamata zaidi ya tani 3 za heroini na methamfetamini Dar es Salaam na Iringa. Kwa hiyo mzigo upo. Na kuna jambo linaloniongezea wasiwasi. Afghanistan, kunakotoka afyuni nyingi, watawala walipiga marufuku kilimo hicho Aprili 2022, na mwaka uliofuata Umoja wa Mataifa ukapima ukakuta mashamba yamepungua kwa asilimia 95. Mtu angefurahi. Mimi ninayewahudumia watumiaji najiuliza kitu kingine: mzigo ukipungua, wauzaji watachanganya nini ndani ya kete, kile kipakiti cha unga? Kete ya leo ikiwa dhaifu na ya kesho ikiwa kali, mtumiaji hana mizani. Huko Marekani fentanili ilipoingia kwenye unga, yenye nguvu mara 50 ya heroini, walifika kuzika karibu watu 108,000 kwa mwaka 2022 pekee kwa kuzidisha dawa za kila aina, na katika kila wanne, watatu hivi walikuwa na afyuni ndani yake. Kwetu bado ni heroini. Nasema bado.

Serikali yetu nayo tuipe haki yake. Februari 2011 pale Muhimbili ilifunguliwa kliniki ya methadoni, ya kwanza ya umma katika bara hili kusini mwa Sahara ukiacha visiwa. Baadaye Mwananyamala, Temeke, na mikoani. Watu walisema mateja hawatakuja kila siku. Wanakuja, na mvua inanyesha. Lakini kliniki inamhudumia aliyefika kliniki. Naloksoni nayo imebaki kwetu, nyuma ya kaunta, wakati anayeihitaji yuko chooni kwenu.

Wenzetu wamefanyaje? Mwaka 2014 Shirika la Afya Duniani walitoa mwongozo wakasema wazi kwamba yeyote anayeweza kushuhudia mtu akizidiwa, iwe rafiki, ndugu, au mtu anayefanya kazi na watumiaji, apewe dawa hii na afundishwe. Huko Ukraine na nchi tatu za Asia ya Kati walifundisha zaidi ya watu 14,000 wa kawaida kwa mpango huo. Philadelphia, mwaka 2017, wafanyakazi wa maktaba moja ya mtaa walijifunza kuitumia, kwa sababu watu walikuwa wanazimika kwenye bustani mbele ya mlango na hata ndani ya vyoo vya maktaba. Fikirieni, mtu amesomea kupanga vitabu. Na jimbo la Ontario, Kanada, tangu Juni mosi 2023, mwajiri anayejua kwamba mfanyakazi wake anaweza kuzidiwa kazini analazimishwa na sheria kuweka naloksoni pale kazini na kuwa na mtu aliyefundishwa. Machi 2023 Marekani waliruhusu ile ya puani iuzwe bila cheti cha daktari, ikaingia madukani kwa kama dola 45 za vichupa viwili. Hiyo ni zaidi ya laki moja kwa pesa yetu, siwadanganyi. Hiki cha kuchoma ni cha bei ya chini sana kuliko hiyo, na ndicho ninachokipigania kwenu.

Sasa nyie na stendi yenu. Jana jioni nilipita kimya kimya, niliangalia. Mwenyekiti utanisamehe.

Nilianzia vyooni. Vyumba sita, na vyote milango yake inafunguka kwa ndani. Fundi akigeuza bawaba ifunguke kwa nje, mtu akianguka nyuma ya mlango unampata. Hiyo ni kazi ya asubuhi moja na screw mpya. Chini ya mlango, kata nafasi ya shibiri moja, mtu akiwa sakafuni unaona miguu. Vyumba viwili vya mwisho havina taa kabisa. Najua kwa nini: balbu zinaibiwa. Wekeni yenye kizimba.

Halafu saa. Mama wa choo, wewe si daktari, lakini una jicho. Mtu akizidisha dakika kumi, gonga. Useme tu, "Ndugu, uko salama?" Akijibu, muombe radhi. Asipojibu, gonga tena kwa nguvu, na usipojibiwa unafungua. Hapo nataka uongozi wa stendi uandike karatasi, wapige muhuri, waibandike pale mlangoni: mhudumu ameruhusiwa kufungua mtu asipojibu, na akifungua anaita shahidi. Mstari mmoja tu. Yule mama wa siku ile angekuwa na karatasi hiyo, tungempata kijana mapema. Sisemi angepona. Tungempata mapema.

Gesti vilevile. Chumba kilichoandikwa "usisumbue" tangu jana, mteja wa siku moja, ana mfuko mdogo, hajala. Mnawajua. Gongeni.

Kuna nyakati pia. Mtu akitoka gerezani, au sobahausi, ile nyumba ya kuacha dawa za kulevya, mwili wake umesahau. Kabla alikuwa anatumia kete tano kwa siku, amekaa ndani miezi sita bila kitu, anatoka anataka kuanzia pale alipoachia. Dozi ile ile iliyokuwa ya kawaida sasa inamuua. Wiki mbili za kwanza ni mbaya kuliko zote. Msamaha wa Uhuru ukitolewa Desemba 9, kuna vijana watashuka hapa hapa stendi. Siwaombi muwafukuze. Wakishuka, muwe macho.

Kisanduku cha huduma ya kwanza nimekiona ofisini. Kina bandeji mbili, mkasi wenye kutu, na, samahani, risiti za mwaka juzi. Wakaguzi wa OSHA, wale wa usalama na afya mahali pa kazi, wakija wanakiuliza kipo wapi, mnakionyesha kikiwa kimefungwa kwa kufuli. Sanduku la dharura lenye kufuli ni mapambo. Mwenyekiti wenu amekubaliana na mganga mfawidhi wa kituo cha jirani kwamba wakifika watu wanne wa zamu tofauti waliofundishwa, kituo kitaomba kibali cha kuweka naloksoni hapa, chini ya usimamizi wake, kwenye sanduku la kuvunja lakiri, lisilo na ufunguo. Nimeombwa nisitaje tarehe, na sitaji. Lakini watu wanne hao hawahitaji kibali kujifunza kupuliza pumzi.

Kuna neno nimeambiwa nitaulizwa, bora nilijibu kabla. "Dada, ukiwapa dawa ya kuwaamsha si unawapa moyo waendelee? Si wataona sasa wanaweza kuzidisha?" Nimeeleza arosto ilivyo. Hakuna anayepanga kuipata. Na niwape jambo la kwetu kliniki. Asubuhi ya jana kwenye foleni yangu ya methadoni alisimama mwanaume mmoja, fundi seremala, amenona, amevaa shati la kazi. Miaka mitano iliyopita waliomleta mapokezi waliniambia, "Sista, huyu muache tu, ameshachosha familia." Jana alikuwa ananilalamikia bei ya mbao.

Na wengine mnaowaita mateja ni wafanyakazi wenzenu. Tusifichane. Wanaobeba mizigo alfajiri, wanaoosha magari, wapo wapiga debe, wapo wasaidizi wa madereva. Mwajiri akisema "nikimkuta anatumia namfukuza", sawa, ni biashara yako. Lakini ujue atakachofanya. Atajificha. Atajifungia peke yake, na anayetumia peke yake hana wa kumpulizia pumzi. Ukitaka kumsaidia mwambie kliniki inafungua saa ngapi, na umpe nusu saa ya asubuhi aende anywe dawa arudi kazini.

Kuhusu polisi. Najua hofu iliyoko: ukimfikisha hospitali unaulizwa wewe ni nani yake, mlikuwa mnafanya nini, ukae hapo. Nimelisema hili kwa afande aliyekaa pale, naye ameniambia mbele ya mwenyekiti kwamba anayemleta mgonjwa haandikiwi kesi kwa kumleta. Afande, simama kidogo wakuone sura. Ahsante. Makofi kidogo, jamani. Mmemwona? Sasa mkipata shida mnajua mtamtafuta nani.

Nimeona chai imeshafika, na harufu ya maandazi inanishinda hata mimi. Lakini hakuna atakayekunywa kabla hajapiga magoti. Pale kwenye mkeka kuna wanasesere wawili wa kujifunzia na gunia moja la mchanga tulilolivalisha fulana, kwa sababu wanasesere hawatoshi. Gunia halina pua, mtajaribu kulilaza ubavu tu. Hapa kuna chungwa, ndilo paja, na bomba la sindano lenye maji. Kichupa kinavunjwa shingo hivi, mbali na uso, ukikishika kwa pindo la kitenge usijikate.

Watu wanne wa mwanzo. Konda wewe mwembamba, utatufaa, njoo. Mhudumu wa gesti ya ghorofani. Mlinzi. Na mama wa choo, wewe ndiye wa kwanza. Njoo na huo ufunguo wako, usimwachie mtu.